Namba ya Mutie

Nzilani alipofungua mlango wa chumba cha mwanawe kule Mwiki, Ruiru, kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa mvumo. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu siku ya ajali, pazia la buluu limeteremshwa dirishani, na bado ndani yake kulikuwa na kitu kinachopumua. Alisimama kizingitini na mfuko wake wa nguo mkononi, akasikiliza. Hakuogopa. Tangu wamzike Mutie kule Yatta hakuwa ameogopa chochote, na jambo hilo lilikuwa geni kwake, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa hofu.

Ilikuwa kompyuta. Sanduku jeusi lililotolewa mfuniko wa ubavuni, limewekwa sakafuni juu ya matofali, feni ikizunguka ndani yake. Skrini ilikuwa mezani, giza tupu. Ukutani, juu ya swichi ya stima, palikuwa pamebandikwa karatasi kwa selotepu, na kwa kalamu nene nyekundu Mutie alikuwa ameandika: USIZIME.

Alikuwa amekuja kukihama chumba. Gachau, msimamizi wa ploti ile ya vyumba vya kupanga, alikuwa muungwana. Alisema wachukue muda wao, ila Jumamosi jioni kuna mpangaji mwingine. Nzilani alikuwa amepanga kukunja godoro, kufunga vyombo, kufagia, kisha arudi Thika jioni hiyohiyo. Jumamosi Mwangangi, ndugu ya mumewe, angekuja na pikapu kubeba kila kitu hadi Yatta, ambako jamaa wangeketi na kuvigawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi: shati kwa binamu huyu, viatu kwa yule. Kompyuta ilikuwa imeshapata mwenyewe. Mwangangi alisema mapema, udongo ukiwa bado mbichi, kwamba itamfaa binti yake Dianah huko chuoni, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumpinga.

Nzilani aliweka mfuko chini, akaketi kitandani, akaitazama ile karatasi. Hakugusa swichi.

Alikutwa hivyo na Boaz, kijana wa Kakamega aliyekuwa akitengeneza kompyuta pamoja na Mutie katika kibanda chao karibu na stendi.

"Mathe, pole tena," alisema Boaz. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. "Kumbe bado inapiga?"

"Inapiga nini?"

Boaz aliinama, akabonyeza kitufe. Skrini ikawaka, mistari ya maandishi meupe juu ya weusi, na mwisho wa kila mstari asilimia. Wa chini kabisa ulisema themanini na tisa na vipande.

"Ni ile namba yake," alisema. "Alikuwa ameambia mashine ipime kama inagawanyika ama haigawanyiki."

Kwa hilo Nzilani hakuhitaji kuelezwa sana. Yeye mwenyewe aliishia darasa la sita. Alikuja Thika akiwa msichana pamoja na dada yake Kaveke, akaandikwa kazi kwenye kiwanda cha makadamia, na hadi leo yuko palepale: anaketi kando ya mkanda unaopita, anaokota kokwa yenye doa kabla haijafika kwa mwenzake. Kazi ya macho. Ndiyo iliyomfundisha kutazama, na akirudi nyumbani kwake Kiganjo, hapohapo Thika, hakujua kuacha. Alimtazama Mutie anavyokula, anavyokohoa, marafiki anaotembea nao, soli za viatu vyake. Mutie alipohamia Ruiru alimpigia simu kila jioni kumuuliza kama amefunga mlango. "Nimefunga, mwaitu," Mutie angesema, kwa neno la kwao la kumwita mama. "Hata wewe funga."

Na habari ya namba zisizogawanyika aliijua tangu mambo ya kwaya. Mutie alikuwa kidato cha pili, anaimba besi katika kanisa lao. Kwaya ilikuwa na waimbaji thelathini na mmoja, na mwalimu wa kwaya alitaka wasimame kwa mistari iliyolingana siku ya askofu. Akapanga mistari mitatu, mmoja akabaki. Akapanga mitano, mmoja akabaki. Akapanga sita, bado mmoja. Jua lilikuwa kali na sare zilikuwa za kitambaa kizito.

"Mwalimu, utachoka bure," Mutie alisema kutoka nyuma. "Thelathini na moja haigawanyiki. Ni mstari mmoja, ama kila mtu asimame kivyake."

"Haigawanyiki?"

"Haigawanyiki."

"Basi toka wewe."

Mutie akatoka, wakabaki thelathini, na mistari ikakaa sawa kabisa. Kanisa zima lilicheka, naye Mutie akacheka kuliko wote. Njiani kurudi nyumbani alimweleza mama yake kwamba namba za aina hiyo haziishi, kwamba ukipanda juu zinazidi kuadimika lakini haziishi, na kwamba kwa Kiswahili cha vitabu huitwa namba tasa. Nzilani hakulipenda jina hilo. Alisema heri ziitwe zisizogawanyika tu, na nyumbani kwao zikaitwa hivyo.

"Hii yake ni kubwa?" alimuuliza Boaz sasa.

Boaz alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Chukua mbili, mathe. Izidishe kwa mbili, na tena kwa mbili, mpaka ziwe mbili tano. Unapata thelathini na mbili. Toa moja."

"Thelathini na moja."

"Kwaya yenu. Alituambia hiyo stori mara nyingi. Sasa weka mbili saba, toa moja, unapata mia moja ishirini na saba. Nayo haigawanyiki. Unaona tano na saba zenyewe hazigawanyiki. Hiyo ni lazima, ukianza na inayogawanyika unaharibu. Lakini haitoshi. Kumi na moja haigawanyiki, si ndiyo? Weka mbili kumi na moja, toa moja, ni elfu mbili arobaini na saba. Utadhani ni nzuri. Kumbe ni ishirini na tatu mara themanini na tisa. Kwa hivyo huwezi kujua kwa kuangalia. Ni mpaka upime."

"Na hii ni mbili ngapi?"

"Milioni mia moja thelathini na kitu. Hiyo idadi ya mbili yenyewe haigawanyiki, hiyo ilishajulikana. Ile kubwa inayotoka huko ndiyo hakuna anayejua. Ukiiandika kwa karatasi, ni tarakimu milioni arobaini."

Nzilani alijaribu kuona karatasi hiyo, akaacha. "Nani anaihitaji?"

"Hakuna mtu anaihitaji," Boaz alisema polepole. "Ni watu tu, huko na huko duniani, wanagawiwa. Kila mmoja anapewa yake anapima kwa mashine yake. Hii alipewa Mutie. Saa hii hakuna mwingine ameishika."

"Itaisha lini?"

"Hivi inavyoenda, Ijumaa. Jumamosi labda."

Hakuuliza ingekuwaje ikizimwa. Karatasi ya ukutani ilikuwa imeshamjibu. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakumwambia Boaz. Juma lile la mwisho Mutie alikuwa amesema kwenye simu, katikati ya habari za mlango na sufuria: "Kuna kitu kinakaribia kuisha hapa, mwaitu. Kikiisha tu, nakuja nikae kwako wiki nzima." Alikuwa na miezi mingi hajalala Kiganjo. Asubuhi ya ajali, mtu wa pikipiki alipompigia kwa simu ya Mutie mwenyewe, Nzilani alidhani ni yeye anasema ameanza safari.

Boaz alipoondoka, alimpigia msimamizi wa kiwandani akaomba ruhusa hadi Jumatatu. Kisha akampigia Mwangangi akamwambia Jumamosi aje mchana, asije asubuhi. Akatandika upya lile godoro alilokuja kukunja.

Siku zilizofuata alikaa na mashine kama alivyokaa na mkanda wa kiwandani. Aliitazama. Vipande vya asilimia vilibadilika taratibu mno, kama kivuli cha ukuta; ukikodoa macho huoni kitu, ukienda kuchota maji ukirudi kimesogea. Alikuwa akingoja machozi yamjie humu, katikati ya mashati yanayonuka mwanawe, lakini hayakuja. Aliokota shati, akalikunja, akaokota jingine. Ndani yake palikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: upo, unaubeba, hauusikii.

Katika chumba cha jirani alikaa Aketch, msusi. Wapangaji wote wa ploti walichangia mita moja ya stima, inayolipiwa kwa tokeni, na siku ya pili Aketch alikuja akasimama mlangoni na kitana kichwani.

"Mama Mutie, mimi sina maneno na wewe," alianza. "Lakini tokeni zinaisha kama maji. Na marehemu hatumii stima."

"Mashine yake inatumia."

"Sasa tunamnunulia marehemu stima?"

Nzilani aliokota shati jingine, akalikunja. Aketch alitazama chini, akakitoa kitana kichwani, akakirudisha.

"Si nimeongea vibaya. Nisamehe. Umekula?"

"Bado."

"Tangu lini bado?"

Alirudi na sahani ya ugali na omena, akakaa kuhakikisha inaliwa. Nzilani alikula yote. Alijua ni omena kwa sababu aliziona.

"Huwa inaongea hiyo kitu?" Aketch aliuliza akiiangalia feni. "Mimi baada ya mazishi nikisikia huo mvumo kwa ukuta nililala kwa rafiki yangu. Nilidhani mashine ilishazimwa, nikajua ni yeye amerudi kuchaji simu."

"Ni feni."

"Sasa najua ni feni. Wakati ule nilikuwa na mteja, alikimbia na nusu kichwa."

Nzilani alisikia kwamba hapo palistahili kicheko. Alisogeza midomo kidogo, kwa heshima ya Aketch.

Alhamisi, jua likiwa juu, stima ikapotea Mwiki nzima. Redio zikakatika pamoja. Betri ndogo iliyokuwa chini ya meza ikalia mara kadhaa, kisha ikanyamaza, na feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu hadi ukaweza kuhesabu mapanga yake. Ikasimama. Nzilani aliinuka. Alibonyeza kitufe cha skrini kama alivyomwona Boaz akifanya, akabonyeza tena. Alitoka nje hadi uani bila viatu.

Aketch alikuwa nje na mteja wake, nywele za mteja zimelowa, draya mkononi haina kazi. "Imeenda," alisema. "Na nilikuwa nimebakisha upande mmoja."

"Imezimika," Nzilani alisema.

"Si zote zimezimika, mama Mutie."

"Aliandika isizimwe. Ameandika ukutani."

Aketch alimtazama vizuri. Kisha akampa mteja wake kitambaa, akamshika Nzilani mkono na kumketisha kwenye ngazi.

"Hiyo karatasi ya kalamu nyekundu? Hiyo aliniandikia mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nilikuwa naingia kwake kuazima soketi ya draya, yangu iliungua. Siku moja nikachomoa mashine yake nikachomeka yangu. Alirudi akakuta imelala, tukazozana hapa mpaka Gachau akatoka. Kesho yake nafungua mlango wake nakuta nimewekewa bango, kama wale wanaandika shamba hili haliuzwi."

"Na kazi yake ikapotea?"

"Ipotee iende wapi? Alikuwa tu analia ati nimemchelewesha. Stima ikirudi inaanzia pale ilifikia. Mama Mutie, hapa stima inaenda kila wiki. Ingekuwa inapotea si angekuwa ameshatoka akili?"

Stima ilirudi kabla chai aliyoibandika Aketch haijachemka. Sanduku likalia mlio mmoja, likajiwasha lenyewe, na mistari ikaanza kuteremka. Asilimia ilikuwa imerudi nyuma kidogo tu. Nzilani alimpigia Boaz.

"Ndio, mathe, huwa inajihifadhi kila baada ya muda," Boaz alisema. "Hata siku ile ungeizima, ubebe mpaka Thika, uiwashe huko. Ingemalizia kwako. Kwani hukujua?"

"Sikujua."

"Pole. Ningekuambia. Nilidhani umetaka tu kukaa."

Alikata simu, akatazama karatasi. Alikuwa ameilinda siku zote hizo kama neno la mwisho la mtoto wake, kumbe lilikuwa ugomvi wa soketi. Angeweza kufunga vitu sasa. Angeweza kuwa Kiganjo kabla giza halijaingia, na mashine mezani kwake, namba ikamalizikia kwenye nyumba ambayo Mutie aliahidi kuja. Alitafuta sababu ya kubaki, akaikosa, na akabaki.

Jumamosi Mwangangi alifika na pikapu na shati la kanisani. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayependa mambo yaishe. Yeye na Boaz walibeba kitanda, kisha meko, kisha masanduku, na chumba kikabaki na meza, skrini, na lile sanduku juu ya matofali.

"Haya, na hiyo," Mwangangi alisema.

"Bado," Nzilani akajibu.

"Bado nini, mama Mutie?"

"Kuna namba inaisha."

Mwangangi alimtazama Boaz. Boaz alitazama skrini. "Asilimia tisini na tisa, mzee. Imebakisha kidogo sana."

"Shemeji, gari ni la kukodi. Na Gachau yuko hapo nje, mgeni wa chumba yuko njiani na viti vyake."

"Keti, baba Dianah."

Hakupandisha sauti. Mwangangi alitafuta mahali pa kuketi, hapakuwapo, akaegemea ukuta. "Wakati wetu namba ilikuwa ya nyumba," alisema. "Ama ya simu. Sasa hii ikiwa haigawanyiki, anapata nini?"

"Jina lake linaandikwa," Boaz alisema. "Kwamba ndiye aliyeipata. Hiyo haifutiki."

"Hata akiwa amefariki?"

"Hata akiwa amefariki. Lakini bahati yenyewe ni ndogo, mzee. Wanapima maelfu na maelfu, zote zinagawanyika."

"Basi aombe," Mwangangi alisema, kisha akafikiri alichosema, akakohoa.

Nzilani alikuwa amesimama na macho kwenye mstari wa mwisho. Hakuomba. Alichokuwa akitaka hakikuwa jina kuandikwa. Alitaka ifike mwisho, Mutie awe amemaliza, ili ile safari ya kuja kwake isiwe imezuiwa na kitu chochote kilichobaki.

Mstari mrefu ukatokea, tofauti na mingine. Boaz aliusoma kwanza kwa macho.

"Si tasa," alisema. "Inagawanyika."

"Kwa ngapi?" Nzilani aliuliza.

"Haisemi."

"Itasema baadaye?"

"Hapana, mathe. Hiki kipimo kinajua tu kwamba inagawanyika. Inayoigawanya haijulikani. Pengine tutakufa sote na haijajulikana."

"Sasa," Mwangangi alisema, "unajuaje kitu kinagawanyika na hujui kwa ngapi?"

"Ndivyo hesabu ilivyo, mzee. Kuna njia ya kujua kwamba ndivyo, bila kujua kwa nini."

Mwangangi alitikisa kichwa. Nzilani hakuona ugumu wowote. Hata daktari siku ya ajali alijua jambo moja tu, kwamba Mutie amekufa, na alipoulizwa kwa nini alizitazama karatasi zake.

Alingoja feni inyamaze. Haikunyamaza. Mistari ilikuwa imeanza kuteremka tena, na mwishoni mwake palikuwa na sifuri.

"Mbona inaendelea?"

Boaz alijikuna shingo. "Imechukua nyingine."

"Nani ameipa?"

"Mutie aliiwekea hivyo. Ikimaliza moja inajiombea nyingine yenyewe."

"Na hiyo itaisha lini?"

"Na hii mashine ya zamani? Miezi."

"Halafu?"

"Halafu nyingine."

Nzilani aliitazama ile sifuri kwa muda mrefu, kwa macho yaleyale ya kiwandani. Kikiisha tu, nakuja. Ndipo alipoelewa kwamba kisingeisha. Pengine Mutie angekuja hata hivyo, akaiacha ijipimie peke yake huku Mwiki, akalala Kiganjo wiki nzima na kula mpaka ashindwe. Pengine angesema, mwaitu, kuna nyingine inakaribia. Hapakuwa na kipimo cha kujua hilo, na mashine haikuwa na la kumwambia.

"Hii mpya," alisema, "ikiachwa?"

"Baada ya muda wataona kimya, watampa mtu mwingine. Haipotei."

"Lakini sasa ni ya Mutie."

"Kwa jina, ndiyo. Ni yake."

"Nifundishe kuizima."

"Wacha tu mimi, mathe, nitaizima."

"Nimesema unifundishe."

Boaz alipiga magoti, akamwonyesha kitufe mbele ya sanduku. "Bonyeza hapa na ushikilie. Usiachilie mpaka taa ife."

Nzilani alipiga magoti kando yake. Alibonyeza, akashikilia. Skrini ikawa nyeusi kwanza, kisha taa ndogo ikafa, kisha feni ikapungua, ikapungua, ikasimama. Kupitia ukutani ikasikika draya ya Aketch, na Aketch akimwambia mtu ainamishe kichwa.

Mwangangi alijisogeza, akainama kushika nyaya.

"Ngoja ipoe," Nzilani alisema.

"Hii haihitaji kupoa, shemeji. Ni chuma."

"Ngoja ipoe."

Alikuwa ameweka kiganja juu ya bati, na bati lilikuwa na joto. Nje Gachau aligonga geti kwa ufunguo na kuuliza kama wamemaliza. Mwangangi aliachilia nyaya, akaegemea tena ukuta, akangoja pamoja naye.